Chumvi Ndani ya Rejeta

Maji ya rejeta yalikuwa na chumvi. Fundi Hisae aliyaonja kwa ncha ya kidole, akatema. Asubuhi ile ile aliyachota mwenyewe kisimani nyuma ya karakana, maji matamu, yale yale waliyopikia wali.

Na ndege yenye rejeta hiyo, ya jeshi la majini, ilikuwa irushwe mchana na mdogo wake, Tatsuo.

"Kapteni, injini hii ndiyo iliyomzamisha marehemu rubani Moriwaki," Hisae alisema kwa sauti ya chini. "Mmeiopoa baharini, mkaifunga tena bila hata kumwombea. Nakusihi, usimpandishe mdogo wangu humo."

"Dada, niache," Tatsuo alinong'ona. "Wenzangu watanicheka."

Kapteni Inagaki aliangua kicheko. Bwana huyu alichoweza ni kunyoosha suruali kwa pasi; pistoni na sufuria hakujua tofauti yake. Injini hizi za kupozwa kwa maji ziliwachemkia marubani angani wakafa, yeye akawaita waoga. Waoga! Mtu ambaye hajawahi hata kuungua kidole.

"Wewe mama, sugua mabomba yako. Mzimu gani unakaa kwenye chuma?"

Ngo, ngo, ngo. Ilitoka ndani ya injini iliyozimwa, kama kucha zinagonga, na harufu ya mwani uliooza ikajaa karakana mchana kweupe, mafundi wakarudi nyuma mmoja mmoja bila kuthubutu kukohoa, na Kapteni, shujaa wetu, naye jasho likamlowesha kola.

Kumwita kuhani kungekuwa kukubali kosa, na hilo Inagaki hakuzaliwa nalo. Akaenda kwenye rafu ya miungu ukutani, akachukua kisahani cha chumvi ya kutakasia, akaimimina yote ndani ya rejeta. Mpumbavu! Hata mtoto akirudi mazikoni anajua chumvi ile hunyunyizwa mwilini, nje ya mlango.

"Jamani, Kapteni!" Hisae alilia. "Moriwaki alifia kwenye maji ya chumvi. Unamfukuza au unamtandikia kitanda?"

"Kimya! Tatsuo, panda. Nami nakaa nyuma, nikufundishe uanaume."

Injini iliwaka, na ndege haijasogea hata hatua moja mvuke ukafunika vioo vyote, na ndani ya mvuke ule Kapteni akasikika akipiga kelele, kisha akigugumia, kisha kimya kabisa. Walipofungua, walimkuta amezama. Juu ya ardhi kavu, viatu vimejaa maji ya bahari. Simlilii.

Tatsuo alikuwa mbele, mkavu, mzima. Hisae alimkumbatia, akalia kwa furaha.

Jioni alimwekea wali, supu na kikombe cha maji ya kisimani. Mdogo wake alikunywa funda moja, akakunja uso. Kucha zake zikaanza kugonga kikombe. Ngo, ngo, ngo.

"Bi Hisae," alisema kwa upole, yeye ambaye tangu utotoni hakuwahi kumwita ila dada. "Maji haya mbona hayana chumvi?"