Mjomba wa Kwenye Simu

Likizo ya mwezi wa sita ilimkuta Dastani na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupulizia mikorosho yake dawa ya salfa, huko Mkunya, Newala. Ya pili ilikuwa kumlea binti yake Ethel peke yake. Julia, mke wake, alikuwa amefariki mwaka juzi. Ethel alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kila alfajiri, majani yakiwa bado na umande, Dastani alibeba mashine mgongoni akaenda shamba. Simu ya tachi alimwachia Ethel. Adhuhuri alirudi njano tupu kwa vumbi la salfa, kope mpaka kucha. Siku moja alimkuta binti kajiinamia kwenye simu. Ugali haujasongwa.

"Ethel, hiyo simu ndiyo itakayotulisha?"

"Shikamoo, baba. Naandikiana na mjomba."

"Marahaba. Mjomba yupi?"

"Mjomba Isaka! Kanipata mtandaoni."

Dastani akakaa kitako. Isaka alikuwa kaka wa marehemu Julia. Alivuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Miaka sita kimya, hata msiba wa dada yake hakuusikia. Na huku kwetu uwandani, mjomba si mtu wa kuhojiwa. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba akisema, baba ananyamaza.

Basi Dastani alinyamaza. Hakuomba hata kusikia sauti ya huyo Isaka. "Msalimie sana," alisema, akaenda kuoga.

Hapo ndipo alipokosea.

Ijumaa, Pili alimfuata shambani mbio, khanga mkononi. Pili, mama yake Abdulkadiri, alikuwa jirani yao. Alikuwa na kibanda cha kuchajia simu kwa sola. Zamani alisajili laini za simu mjini Newala, na mambo ya mtandao aliyajua.

"Baba Ethel, umemtuma mtoto Masasi kesho?"

"Masasi? Simtumi hata dukani."

"Kaja kuniuliza basi la kwanza linapita saa ngapi. Anasema mjomba wake anamsubiri stendi, amnunulie viatu vya shule. Na kaambiwa asikwambie wewe."

Dastani alitua mashine, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani.

"Naivunja hiyo simu!" alifoka. "Naitwanga kwenye kinu!"

"Ukiivunja, kesho ataomba ya mwenzake," Pili alisema, akihema nyuma yake. "Na hatakwambia tena kitu. Mtoto akigombezwa kwa kusema, anajifunza kuficha. Kaa naye. Muulize taratibu."

"Taratibu! Biashara ya simu ilipoachiwa huru, kampuni zikashindana kusimika minara. Wakubwa wakaja kukata utepe, wakala pilau, wakaondoka. Nani alituita akatuambia ndani ya simu mna nini?"

"Hakuna. Lakini hao wakubwa hawapandi basi kesho. Anayepanda ni mwanao."

Dastani akameza hasira yake.

Nyumbani, Ethel alikuwa anaanua gauni lake zuri. Alipomwona baba na Pili, alilikumbatia gauni.

"Sikugombezi," Dastani alisema. "Nionyeshe tu anavyoandika mjomba."

Walikaa wote watatu kwenye mkeka. Pili alisoma. Kisha alifungua ukurasa wa Ethel. Palikuwa na picha yake akiwa na sare, jina la shule likisomeka kifuani. Palikuwa na picha ya marehemu. Chini yake Ethel alikuwa ameandika: "Pumzika, mama yangu Julia. Mjomba Isaka, uko wapi?"

"Mwanangu," Pili alisema, "yote anayoyajua huyu mtu umemwambia wewe. Jina la mama, jina la mjomba, shule yako. Kayaokota hapa. Mtandaoni mtu yeyote anaweza kujiita mjomba. Na mtu mzima anayemwambia mtoto afiche siri kwa baba yake, huyo hana nia njema."

Ethel akachukua simu mwenyewe.

"Nitamuuliza jambo ambalo sikuliandika," alisema. Akaandika: "Shikamoo, mjomba. Mama alikuwa akipalilia kwa mkono gani?"

Julia alitumia mkono wa kushoto. Kijiji kizima kilimtania kwa hilo.

Jibu lilikuja. "Mkono wa kulia, kama watu wote. Maswali gani hayo kwa mjomba wako? Kesho usichelewe."

Ethel akaanza kulia. Dastani alimvuta kifuani, salfa na yote.

"Tuzifute hizi meseji?" aliuliza.

"Usifute hata moja," Pili alisema. "Huo ndio ushahidi. Twende polisi, dawati la jinsia na watoto."

Jumamosi, Ethel alibaki kwa Pili. Dastani alifika stendi ya Masasi na askari wawili waliovaa kiraia, mmoja mwanamke. Alipiga namba ambayo yule mtu alimpa Ethel. Simu ikalia mkononi mwa bwana mmoja nadhifu, mwenye mfuko wa viatu.

"Unamsubiri nani, kaka?" askari wa kike aliuliza.

"Mpwa wangu. Anatoka Newala."

Dastani akasogea, mikono wazi. "Ethel? Mimi ndiye baba yake! Kumbe ni wewe, shemeji! Miaka sita! Njoo nikukumbatie!"

Yule bwana aligeuka kukimbia. Hakufika mbali. Ndani ya simu yake walikuta picha za wasichana wengine wawili, nao wameahidiwa viatu. Wazazi wao walipigiwa siku hiyohiyo.

Tangu hapo simu ilitumika barazani, saa moja kila siku, baada ya kazi. Picha ya sare ilifutwa. Ethel aliwafundisha wenzake kujilinda mtandaoni, kwenye kibanda cha Pili, likizo yote.

Ukaitwa mkutano wa kijiji. Kiongozi mmoja alisimama. "Ndugu wananchi, uongozi wetu umewalinda watoto..."

"Mheshimiwa, hapo umechepuka njia!" Dastani alinyanyuka. Watu wakacheka. "Hamkutulinda. Mwenye kazi hiyo yule pale. Ethel, mama, simama uwaambie watu."

Ethel alisimama. Aliongea bila kutetemeka. Kina mama wakapiga vigelegele.

Mkutano ulipofungwa, yule kiongozi alimfuata Ethel, kofia mkononi.

"Binti, nina picha ya mjukuu wangu humu, kavaa sare. Naiondoaje?"

"Shikamoo, babu. Nipe nikuonyeshe."

Dastani alisimama kando, akamtazama mkubwa mzima akifundishwa na mwanawe. Alitafuta neno kali la kumpa. Siku hiyo hakulipata.