Setilaiti ya Dhruv

Hashimu, fundi wa Mtaa wa Mkunguni, yupo hai; asiyeamini akamwone. Jumanne ile ya mwaka tisini na saba alikuwa ameshakula chapati zake, ametengeneza redio mbili, na ndani ya kila mfuniko ameandika jina lake kwa wino mzito. Ndiyo kawaida yake. Shule aliiacha kidato cha pili, akidai walimu wanamchelewesha. Kompyuta alijifunza kwa kuzibomoa. Wasomi zikiwashinda walimletea yeye, naye aliwacheka kwanza ndipo akatengeneza.

Mchana akaja Megha, binti wa duka la vitambaa. Kaka yake, Dhruv, alikuwa amefariki mwezi uliopita: alipanda paani kugeuza dishi, akaangukia uani. Kwenye kompyuta aliacha gemu la kurusha roketi, na kazi moja hajaimaliza, kuweka setilaiti izunguke dunia. Tangu msiba, kila siku saa tisa alasiri mashine inajiwasha. Roketi inapaa yenyewe. Setilaiti inaanguka. Ikianguka, uani kunasikika kishindo.

Hashimu akacheka. Mashine ina virusi, akasema. Na kishindo? Paka hao.

Ghorofani alimkuta mama yao, Ranjanben, amekaa chini ya picha ya Dhruv yenye shada la maua. Akamwamkia. Mama akaitikia marahaba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, mwanangu asianguke tena."

Saa tisa kamili skrini ikawaka. Waya wa umeme ulikuwa mkononi mwa Hashimu, ameshauchomoa ukutani.

Roketi ilipanda wima kama embe lililorushwa, ikarudi kama embe. Uani, puu. Hakuwa paka. Lakini Hashimu alikuwa ameshaona kosa, na fundi akiona kosa haoni kingine. Setilaiti haikai juu kwa kupanda. Inakaa kwa kukimbia upande, mpaka dunia ishindwe kuidaka. Akairudisha kazi mwanzo. Pembeni paliandikwa rubani: Dhruv. Akafuta, akaandika Hashimu.

"Hilo ungeliacha," Megha akanong'ona.

"Kazi ya fundi, jina la fundi."

Akarusha. Akailaza roketi mapema kuelekea mashariki, akabakiza mafuta ya kuisukuma tena kule juu. Kinukta kikaanza kuizunguka dunia. Wakasubiri. Uani kimya. Ranjanben akalia, akamletea chai ya tangawizi inayotokota, naye akainywa yote kwa mkupuo.

Haikumuunguza.

Jioni alishika chuma cha kulehemu upande wa moto. Akajua kwa harufu. Kidole cha shahada kilikuwa na shimo jeusi, na yeye hakusikia kitu. Kulipokucha ganzi ilikuwa kwenye viwiko. Mkono ndio kazi yake, ndio jina lake mjini. Bila mkono Hashimu ni maneno matupu. Hata hofu aliitafuta, hakuipata.

Alasiri akapanda tena ghorofani. Kinukta kilikuwa bado kinazunguka. Akajaribu kufuta jina lake, halikufutika. Ilibaki njia moja: kuwasha injini kinyume, kasi ipungue, setilaiti ishuke.

"Ukiishusha," Megha akauliza, "nani ataanguka?"

Hashimu akaweka kidole juu ya kitufe. Asibonyeze kwanza. Afikiri. Lakini kidole hakikuwa na habari. Kimegusa? Hakijagusa? Hakujua.

Injini ikawaka.

Kinukta kikashuka. Saa ya ukutani ikasema tisa. Uani, puu.

Ranjanben hakuinuka. "Nani?" akauliza.

Walishuka wawili. Hapakuwa na mtu. Kwenye saruji ya zamani, iliyokauka kabla Megha hajazaliwa, palikuwa na alama ya kiganja, imezama. Kidole cha shahada kilikuwa na shimo.

Hashimu akachuchumaa, akaweka mkono wake pale. Ukaenea.

Megha anasema saruji ile ni ya moto mpaka leo. Hashimu hajui.