Mipira Sita ya Najiat

Kila jioni, wakishatoka madrasa, watoto wa uchochoro mmoja wa mtaa wa Cheyo, Tabora, hucheza kriketi kwa mpira wa tenisi. Gongo la kupigia ni moja na watoto ni kumi na wawili, kwa hiyo sheria yao ni rahisi: kila mmoja anarushiwa mipira sita, kisha anampisha mwenzake. Anayeuacha mpira upite huzomewa. Najiat, binti wa fundi cherehani, hakuwahi kuuacha hata mmoja. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na haraka zake zilijulikana mtaa mzima.

Shuleni alichaguliwa kufungua mchezo, yaani kutangulia kupiga, pamoja na Minza, msichana wa kijiji cha Kwihara. Jumamosi moja timu yao ilianza mechi ya siku mbili dhidi ya wasichana wa Nzega. Katika mechi hiyo kila timu hupiga mara mbili. Mpira wa mechi ulikuwa mpya, mgumu, unang'aa. Uliporushwa mara ya pili tu, ulikuja juu, pembeni. Najiat akaupiga kwa nguvu zake zote. Ukapaa, ukadakwa. Ametolewa! Wenzake nao wakatolewa mmoja mmoja na mpira uleule mkali, na uji wa saa nne ukawakuta wote wamekaa nje ya uwanja.

Jioni Najiat alimfuata mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Sixbert.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kesho utafungua tena. Lakini ukitoka upesi kama leo, mechi ijayo nafasi yako nampa Theodora anayekufuata kupiga."

Machozi yakamlengalenga. "Mwalimu, mtaani ukisubiri, mipira sita inakwisha hujapata kitu!"

Mwalimu akaangua kicheko. "Kumbe! Sasa niambie, hapa nani anakuja kukunyang'anya gongo?"

Mwalimu akampa mipira miwili aishike. Mmoja ulikuwa mpya na mgumu. Wa pili ulikuwa umechunika na kulainika.

"Huu umetafunwa na mchanga wa Tabora mchana mzima," alisema Mwalimu. "Huu ndio wa kupiga. Lakini lazima mtu akae uwanjani mpaka mpira ufike hapo. Mtu huyo ni wewe."

Jumapili walihitaji alama, yaani mikimbio, mia moja na kumi ili washinde. Najiat aliiacha mipira ya pembeni ipite, na iliyolenga vijiti vilivyosimama nyuma yake akaizuia miguuni pake. Watazamaji wakachoka.

"Dada, umelala?" mmoja alipaza sauti. "Mleteeni kiti!"

Minza akamsogelea. "Waache. Mimi nachunga ng'ombe kutwa nzima, na hakuna aliyewahi kunizomea."

Saa nzima ilipita, na Najiat alikuwa na mikimbio minne tu. Mikono ilimwasha. Mara ukaja mpira wa juu, wa pembeni, sawa kabisa na ule wa jana. Gongo likanyanyuka. Akalirudisha chini, mpira ukapita zake.

Baadaye mpira ulipoteza mng'aro, na warushaji wakaanza kuhema. Hapo ndipo Najiat alipoanza kupiga, tena chini chini, hadi kwenye kamba ya mpaka. Waliotaka aletewe kiti wakampigia makofi. Alitolewa akiwa na mikimbio thelathini na saba. Theodora akaingia, akaukuta mpira umelainika, akapiga mpaka ushindi ukapatikana.

"Mikimbio mingi ni ya Theodora," Najiat alisema wakati wakikunja mkeka uliotandikwa katikati ya uwanja.

"Ya Theodora imeandikwa ubaoni," alijibu Mwalimu Sixbert. "Ile saa uliyokaa haikuandikwa popote, lakini bila hiyo tungeshindwa. Nguvu unazo, Najiat, wala usizitupe. Ila kwanza tazama kama wakati wake umefika. Leo ulitazama."

Jumatatu jioni, kule uchochoroni, zamu ya Najiat ilifika. Mpira wa kwanza akauacha upite. Watoto wakamzomea mpaka majirani wakachungulia.

"Bado mitano," alisema Najiat huku akicheka, akaliweka gongo sawa.