Lenzi Isiyovuta

Kadzo alikwenda kuchukua lenzi tu. Alimwacha bintiye Hope kwa jirani yao Bridgit, akaahidi kurudi kabla uji haujapoa, akapanda tuktuk kutoka mtaa wao wa Kisumu Ndogo mpaka Malindi ya kale. Alishuka mahali vichochoro vinapoanza kubana. Watu walikuwa wakitoka kuswali magharibi, kanzu zao zikipita karibu naye kimyakimya, na madukani taa zilikuwa zimeanza kuwashwa.

Kamera alikuwa nayo. Lenzi ndiyo iliyokufa. Hewa ya chumvi iliingia ndani, kuvu likaota katikati ya kioo, na kila picha ikawa inatoka na weupe kama maji ya mchele. Na kazi nayo ilikuja wakati huohuo. Emily, mhariri wa vitabu kule Nairobi, alikuwa akitaka picha za watu wa mitaani, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, kwa kitabu cha wasafiri. "Nataka watu kwa karibu," alimwambia kwenye simu. "Nataka msomaji asikie pumzi zao."

Kadzo hakuwa na njia ya kuikataa. Mumewe, Ziro, alikuwa amefariki, na mavyaa wake alikuwa ameshatuma neno kutoka Ganze: mwisho wa mwezi anakuja, na akikuta bado hakuna unga nyumbani, atamchukua mjukuu wake akalelewe bara. Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomkata Kadzo maini. Alijua mama yule hakukosea.

Akabisha hodi kwa Bi Shekha.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Bi Shekha alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Lenzi zilikuwa za marehemu kakake, Zubeir, aliyekuwa mpiga picha. Alizihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti uliojaa mchele mkavu, zisipate unyevu. Akazitoa mbili, akaziweka juu ya sinia. Kadzo aliona kwamba hakuzigusa kwa mkono. Alizishika kwa pembe ya leso.

"Moja tu," Bi Shekha alisema. "Chagua."

Kadzo aliijaribu ile ndefu kwanza. Ilikuwa lenzi ya kuvuta. Nayo, angekaa ng'ambo ya barabara akauleta uso wa mtu mpaka machoni pake bila mwenyewe kujua. Lakini ilikuwa nzito, ya kuchosha bega mtu anapotembea kutwa, na jioni ilikuwa kama kipofu. Isitoshe, watu wakiiona wanajificha, au wanakuja juu.

Akaifunga ile fupi kwenye kamera. Ilikuwa nyepesi, ingetoshea kwenye mkoba na leso ya mtoto. Mdomo wake ulikuwa mpana. Hata katika mwanga ule hafifu wa ukumbini aliziona nyuzi za mkeka moja moja. Ila haikuvuta. Ukitaka uso wa mtu, sharti miguu yako ikufikishe.

"Hii inataka umwendee mtu mwenyewe," Kadzo alisema.

"Ndivyo alivyokuwa akisema Zubeir." Bi Shekha alimsogezea sinia. "Chukua ndefu, mwanangu. Nayo waweza kukaa mbali."

"Natakiwa karibu, Bi Shekha."

Mahali fulani ndani ya nyumba maji yalikuwa yakidondoka.

"Basi sema umechagua mwenyewe."

"Nimechagua mwenyewe."

Alipouliza bei, Bi Shekha alitikisa kichwa. Hakutaka kitu. Alitaka itoke nyumbani mwake. Mlango ulifungwa nyuma ya Kadzo upesi mno, na kitasa kikazungushwa.

Pale kichochoroni ndipo aliposikia harufu kwa mara ya kwanza. Kafuri. Kafuri ile wanayowatilia maiti.

Alidhani inatoka nyumba ya jirani.

*

Siku iliyofuata alianzia sokoni Malindi. Kazungu, muuza madafu, alikubali kupigwa picha. Kadzo alimsogelea hadi akaona jasho juu ya mdomo wake, akabonyeza. Kazungu hakuwa akiitazama kamera.

"Mwenzako naye hapigi?" aliuliza.

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mama aliyesimama kule nyuma."

Kadzo aligeuka. Kulikuwa na magunia ya vitunguu na mkokoteni. Akacheka. Kazungu pia alicheka, lakini alijikuna shingo na kutazama tena.

Akaenda Kilifi, akaenda Takaungu. Kila alikofika kazi ilikuwa nzuri kupita alivyotarajia. Nyuso zilikuwa hai. Lenzi ilikunywa mwanga wa mawio na wa machweo, na Kadzo akaanza kuamini kwamba mtoto wake hataondoka. Ilikuwa Mtwapa, jioni, mbele ya kibanda cha Moraa, muuza mahamri, ambapo imani hiyo ilivunjika. Moraa alikuwa akichekacheka huku anageuza mahamri mafutani. Kadzo akapiga hatua moja mbele, akabonyeza. Moraa akarudi nyuma.

"Mwambie asinitazame hivyo," alisema polepole.

"Nani, dada?"

"Huyo. Huyo anayechungulia begani kwako."

Nywele za kisogoni zilimsimama Kadzo. Aliisikia tena. Kafuri... na nguo mbichi iliyokaa bila kuanikwa.

Hakugeuka. Alikusanya vitu vyake, akapanda gari la kurudi Malindi, akakaa kiti cha nyuma kabisa, mgongo wake ukigusa bati. Hapo akazifungua picha, moja baada ya nyingine. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akiitazama kamera. Kazungu alitazama mbali, nyuma yake. Fundi cherehani wa Kilifi alitazama karibu zaidi. Wavuvi wa Takaungu walitazama karibu zaidi tena. Kila picha, macho yalikuwa yakisogea.

Ya Moraa aliikuza. Akaikuza tena, mpaka jicho la yule mwanamke likajaza kioo. Ndani ya mboni aliuona mwanga wa kibanda. Akajiona mwenyewe, mdogo, na kamera usoni.

Na nyuma yake kichwa kilichofunikwa.

Na mkono ulionyooshwa.

Alipofika nyumbani, Hope alimpokea mlangoni. Kisha akasimama, akatazama chini.

"Mama, mwambie naye avue viatu."

"Nani, mwanangu?"

"Bibi huyo. Analowesha sakafu."

*

Asubuhi Kadzo alikuwa kwa Bi Shekha. Alibisha mpaka vifundo vya vidole vikamwuma. Bi Shekha alifungua kidogo tu, akamtazama Kadzo, kisha akatazama nyuma ya Kadzo, na uso wake ukapauka.

"Amefika hapo tayari," alinong'ona.

"Ni nani?"

Bi Shekha alieleza akiwa amesimama vilevile mlangoni, bila kumkaribisha ndani. Zubeir alikuwa akipiga picha mitaa ya Mambrui. Akaingia ua wa watu. Ndani mlikuwa na mwanamke aliyefiwa na mume, amekaa eda, hatakiwi kuonwa na wanaume wa nje. Zubeir akamsogelea na kamera mpaka karibu na pua. Mwanamke akamwuliza, mbona wanijia hivyo? Zubeir akacheka. Akamjibu kwamba lenzi yake haivuti, hana budi kuja.

"Mwanamke akamwambia, vyema. Nami nitakuja."

"Kisha?"

"Kila picha ni hatua. Zubeir alipotambua, aliacha. Miaka na miaka hakuigusa kamera, na yule akasimama palepale alipokuwa amefika. Mpaka harusi ya bintiye. Wakamwomba picha moja tu. Tulimkuta amekaa kitini. Hana jeraha. Bega lake moja limerowa."

"Na yule mwanamke?"

"Alikuwa ameshakufa zamani. Wako wanaosema alikuwa na mambo yake. Wako wanaosema alikuwa mwanamke tu, na msiba wake. Mimi sijui, mwanangu."

"Ulijua, ukanipa."

"Nilikusihi uchukue ile ndefu."

"Ulijua."

Machozi yalimlenga Bi Shekha. "Ubaid wangu alianza kuichukua mkebeni. Kijana hasikii. Naye ni mwanangu wa pekee."

"Nami nina mtoto, Bi Shekha."

"Najua," alisema yule mama. "Niliwahi kukuona naye sokoni."

Akafunga mlango.

*

Ilibaki Mambrui. Emily alikuwa amepiga simu mara mbili: bila Mambrui kitabu hakikamiliki, na kama Kadzo hawezi, atampata mtu mwingine. Mavyaa naye alishasema siku ya kuja. Kadzo aliuliza huku na huku kama kuna wa kumwazima lenzi, japo mbovu, japo ya kuvuta. Hakupata. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kamera mapajani, akilia bila sauti ili Hope asisikie. Picha moja, alijiambia. Hatua moja. Kisha basi.

Akaenda.

Kule alimkuta mwanamke aitwaye Sahla, amekaa barazani akimchora hina bibi harusi. Jua lilikuwa limeinama, mwanga umelala mkononi kama samli. Kadzo aliomba ruhusa. Sahla akatabasamu, akasema hapana neno, piga.

Kadzo aliinua kamera.

Tabasamu la Sahla likafa. Macho yake yalimwacha Kadzo, yakapanda kidogo, yakatulia karibu sana na sikio lake. Midomo ikaanza kusoma dua.

Angeweza kushusha kamera wakati ule. Alimfikiria Hope amebebwa kwenye gari la Ganze, amebandika uso dirishani.

Akabonyeza.

Mkono ukatua begani.

Haukuwa mzito. Ulikuwa baridi, umelowa, umetulia, kama mkono wa mtu aliyetembea masafa marefu na hatimaye kapata pa kupumzikia. Kadzo hakupiga kelele. Alisimama tu, meno yakigongana, hadi maji ya mkono ule yakamfikia kifuani na Sahla akamvuta bibi harusi ndani na kukomea mlango.

*

Emily alizipokea picha zote. "Macho yao, Kadzo," aliandika. "Sijui uliwafanya nini watu hawa. Nina kazi nyingine Lamu, ni yako."

Jioni hiyohiyo Kadzo aliazima kinu cha Bridgit, akaitia lenzi ndani na kuitwanga. Aliitwanga hadi kioo kikawa unga, akaumwaga chooni, mikono ikimtoka damu. Bridgit alimtazama bila kuuliza. Na kweli, begani pakakauka. Harufu ikaondoka. Siku zikapita, na hakuna mtu njiani aliyetazama nyuma yake.

Mavyaa alikuja kama alivyosema, na kapu la mihogo kichwani. Alisikiliza habari za kazi, akaona unga ndani ya nyumba na sare mpya ya shule ya Hope msumarini. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini alimwangalia Kadzo kwa muda.

"Umekonda, mwanangu. Nimchukue japo mpaka shule zifunguliwe, upate kupumzika?"

Kadzo alimwita Hope nje, chini ya kamba ya nguo. Akapiga magoti mbele yake.

"Niambie kweli. Yule bibi unamwona bado?"

Hope alimtazama mamake. Aliangalia mikono iliyofungwa vitambaa. Akaangalia macho yaliyovimba.

"Simwoni," alisema.

Kadzo alimkumbatia hadi mtoto akakosa pumzi. Kisha akarudi ndani, akamwambia mavyaa kwa heshima kwamba Hope atabaki. Mama yule hakushindana. Alipanda gari la alasiri, akaondoka peke yake.

Walipokwisha kula, Kadzo alitandika kitanda, akazima taa mapema. Mtaa ulikuwa bado macho. Redio ya mtu ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Akalala ubavu, akamvuta Hope karibu. Hope akajinasua, akasogea mpaka ukutani.

"Njoo, nafasi ipo," Kadzo alisema.

"Sogea na wewe, mama."

"Mimi yangu inanitosha."

Hope alinong'ona, kama mtu asiyetaka kumwudhi mgeni.

"Yako inatosha. Yake ndiyo haitoshi."

Kadzo hakugeuka. Alimfunika mtoto uso kwa leso, akambana kifuani, na nyuma ya mgongo wake akasikia godoro likibonyea. Polepole.