Picha Iliyoshusha Mkono

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya milima ya Mbooni wakati Mbinya alipofungua picha ya mwisho ya siku hiyo. Nje, wauzaji wa soko la Tawa walikuwa wanakunja turubai zao. Yeye alibakiza kazi moja tu: kuisafisha picha hiyo, kuituma kwa mchapaji Nairobi, kisha afunge studio yake ya picha aende nyumbani kupika.

Aliipiga miezi mitatu nyuma, akishuka Mbooni kutoka mazishi ya mwalimu wake. Kikongwe mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, shuka jekundu begani, mkono wa kulia ameuinua mbele ya uso. Kiganja kilifunika kila kitu, kuanzia paji la uso hadi kidevu. Mikunjo yake ilikuwa kama mito ya Ukambani wakati wa kiangazi. Mbinya alidhani anasalimiwa. Akabonyeza kamera mara moja, akapunga mkono, akaenda zake. Hata jina hakuuliza.

Picha hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye picha za pasipoti na harusi. Aliiweka kwenye tovuti yake, watu wakaipenda. Nakala tatu zilikuwa zimeshaingia kwenye fremu na kwenda kwa watu, na mteja mmoja alinunua faili lenyewe akajichapie. Leo kulikuwa na agizo la nakala kubwa kuliko zote, ya kimo cha mlango.

Picha kubwa haifichi kosa. Chembe ya vumbi iliyokaa kwenye lenzi, ukiichapa kwa kimo cha mlango, inakuwa nzi. Kwa hivyo Mbinya aliikuza kwenye skrini, akaanza kufuta madoa moja moja. Ukutani. Kwenye shuka. Juu ya vidole...

Hapo akasimama.

Doa lililokuwa juu ya vidole halikuwa doa. Zilikuwa nywele. Nywele fupi, nyeupe, zimepangana kama upinde.

Unyusi.

Na upande wa pili, unyusi mwingine.

Alifungua nakala ya akiba ambayo hakuwahi kuigusa tangu siku ile. Nyusi zilikuwepo. Mkono ulikuwa umeshuka kiasi cha upana wa kidole. Akajiambia ni macho yamechoka. Lakini studio ilikuwa imeanza kunuka ugoro, ule ugoro mkali wa wazee, na mle ndani hakuna aliyewahi kuvuta ugoro.

Akakumbuka maoni ambayo mteja mmoja aliandika kwenye tovuti wiki iliyopita. Aliyasoma wakati ule akafurahi tu. Sasa akayatafuta tena.

"Kazi nzuri sana. Macho yake yanatufuata chumba kizima."

Macho gani?

Simu ikalia, akaruka kitini. Alikuwa Hodan, mwenye hoteli ya chakula kule Sultan Hamud, mteja wake wa kwanza wa picha ile.

"Mbinya, ile picha ulinibadilishia?"

"Kubadilisha aje, dada? Si iko kwako ukutani?"

"Abdisalam alikubali niiweke kwa sababu haina uso. Wewe unajua mume wangu hataki picha za nyuso." Sauti ya Hodan ikashuka, ikawa mnong'ono. "Sasa iko na uso. Iko na macho, Mbinya. Na Hani hanyonyi. Siku ya tatu leo. Daktari amempima, anasema haoni kitu. Mtoto halii, hachezi... amenyamaza tu."

"Ifunike."

"Nilifunika na leso. Nikirudi, nakuta leso iko chini."

Mbinya alimwambia aje nayo Tawa kesho, akazima kompyuta. Agizo la watu hakulituma.

Kesho yake Hodan alikodi gari, akafika Tawa alasiri, mtoto mgongoni na picha imefungwa kwa gunia. Wakapanda Mbooni kumtafuta yule kikongwe. Gari lilipoishia wakashika njia ya miguu katikati ya mashamba ya ngazi, Mbinya amebeba fremu, Hodan akimnong'onea mwanawe dua sikioni. Njia nzima mtoto hakutoa sauti. Walipofika kwenye ile nyumba, giza lilikuwa limeshaanza kukusanyika chini ya miti ya kahawa.

Mwanamke wa makamo alitoka akawazuia uani.

"Wakya, mama," Mbinya alisalimu.

"Aa." Macho yake yalikuwa kwenye gunia. "Ni wewe ulimpiga mama picha?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Kaveke, binti yake. Ingieni. Lakini huyo mtoto afunikwe uso kwanza."

Hodan akarudi nyuma hatua moja. "Kwa nini?"

Kaveke aliwaketisha jikoni, kando ya moto, akaongea polepole kama mtu anayechomoa mwiba.

"Mama yangu Kalunde si mchawi. Watu husema hivyo, lakini uchawi mtu huutafuta. Yeye alizaliwa na jicho. Akitazama ng'ombe akampenda, asubuhi maziwa yanatoka na damu. Akitazama mtoto akaona ni mzuri..." Akasukuma ukuni. "Alituzaa saba. Nimebaki mimi. Mimi nilizaliwa macho yake yakiwa yanaumwa, yamefura, hayafunguki. Alininyonyesha mwezi mzima bila kuniona. Yalipopona, akajifunga kitambaa hadi nikakua. Tangu hapo akiona mgeni anainua mkono. Hakuwa anakusalimia, mwanangu. Alikuwa anakukinga."

Mbinya aliisogeza fremu mbali na mtoto.

"Na sasa mkono wenyewe umekufa," Kaveke akasema. "Ulianza na vidole, miezi miwili iliyopita. Halafu kiganja. Wiki iliyopita ni bega. Njooni mwone."

Kikongwe alikuwa amelala akielekea ukutani. Chumba kilinuka ugoro. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya blanketi kama ukuni uliosahauliwa.

"Susu, nyanya yangu," Mbinya alinong'ona, "nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

Kikongwe akajibu kwa sauti nyembamba, bila kugeuka:

"Umenipeleka kwa watu wangapi?"

Mbinya akamweleza. Huyu wa Sultan Hamud. Wengine wawili wa fremu. Yule aliyenunua faili, ambaye anaweza kuchapa apendavyo. Na tovuti, ambako mtu yeyote mwenye simu anaona.

Kikongwe alivuta pumzi ndefu.

"Mkono ni mmoja," akasema. "Hauwezi kufunika nyumba zote hizo."

Akaagiza mtoto aletwe. Hodan alimkumbatia Hani kwa nguvu. "Anataka kumfanya nini?"

"Kumtemea mate," Kaveke akamjibu. "Mwenye jicho akitema mate, jicho linaachilia. Hakuna dawa nyingine."

Kaveke alimfunga mama yake kitambaa machoni, akamgeuza taratibu. Hodan alisema bismillahi, akamsogeza mtoto. Kikongwe alipapasa kifua kidogo kile kwa mkono wa kushoto. Akatema mate. Mara moja, kidogo tu, kama mtu anayepuliza vumbi.

Wakangoja.

Moto ulipasuka jikoni. Mahali fulani bondeni mbwa akabweka, akaacha.

Kisha Hani akalia. Kilio kikubwa cha hasira na njaa, cha siku nne. Hodan aliketi chini pale pale akampa titi, machozi yakimtiririka hadi kwenye nywele za mtoto.

Ilibaki picha. Mbinya alikata kamba, akafungua gunia, na kabla Kaveke hajatupa shuka juu ya fremu, aliona. Mkono wa kikongwe ulikuwa umelala mapajani. Macho yalikuwa wazi. Hayakuwa macho ya ubaya hata kidogo. Yalikuwa macho ya mtu anayekupenda sana, anayetaka kukutazama tu, asichoke.

Hilo ndilo lililompa baridi ya mifupa.

Kikongwe aliitemea picha mate ikiwa imefunikwa, Kaveke akaichoma nyuma ya nyumba. "Zilizobaki niletee," kikongwe alimwambia Mbinya, akamtemea na yeye kwenye paji la uso. "Haraka. Sina siku nyingi."

Mbinya alifuta picha kwenye tovuti usiku huo huo, akafuta na faili. Mwenye nakala ya pili alimcheka lakini akairudisha, naye akaipandisha Mbooni siku ya pili. Wa tatu alikuwa yule aliyesifu macho, mtu wa Kitui mjini. Alimpa fremu bila kuuliza kitu. Mke wake alikuwa amelazwa.

Mbinya alipofika nayo Mbooni, alikuta watu wameketi uani kwa viti vya kukodi. Susu Kalunde alikuwa amefariki alfajiri. Waliomwosha walimzika na kitambaa chake machoni, na Kaveke alikataa kabisa jeneza lifunguliwe. Picha waliichoma bila mate. Mke wa yule mtu wa Kitui hakupona.

Akabaki aliyenunua faili. Mbinya alijua jina lake moja tu, Mwau, na anwani ya barua pepe. Alimwandikia mara nne. Wiki tatu zikapita.

Jibu lilikuja Jumanne asubuhi.

"Pole kwa kuchelewa, tulikuwa tunafungua shule. Ile picha tuliichapa kubwa, tukaiweka darasa la watoto wadogo, ukuta wa mbele. Wanampenda sana huyo nyanya. Walikuwa wasumbufu kweli, lakini siku hizi wametulia. Ukihitaji kitu piga ofisini."

Chini kulikuwa na namba. Mbinya alipiga, vidole vikikosea mara mbili.

Mwanamke akapokea, mchangamfu. "Hujambo, shule hapa. Nikusaidie nini?"

Mbinya alikuwa anasikiliza kilichokuwa nyuma ya sauti ile. Ilikuwa saa nne na dakika chache, saa ambayo chekechea zote za nchi hii huwa nje, kelele hadi barabarani.

"Halo?" mwanamke akasema. "Halo? Unanisikia?"

Nyuma yake hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyetoa sauti.