Mzee Delbert na Tozo ya Shule

Mzee Delbert Krumlauf alistaafu kazi ya kiwanda cha matairi. Alikaa nje kidogo ya mji wa Pruitt Fork, huko Ohio, pamoja na binti yake Marlene na mjukuu wake Tessa. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, na Delbert aliijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Marlene aliondoka alfajiri kwenda kupika hospitalini. Delbert alibaki akikaanga mayai. Tessa, aliyekuwa sekondari, alikula akiwa amesimama, jicho dirishani. Basi la njano la shule likisimama barabarani na kumulika taa zake nyekundu, alitoka mbio na mkate mkononi.

Baada ya hapo Delbert alikwenda mkahawani. Palikuwa na meza ya wazee pale, wakinywa kahawa na kuamua mambo ya dunia. Msimu ule wa vuli, habari ilikuwa tozo ya shule. Huko shule za umma hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka kodi ya nyumba na ardhi, na tozo kama hiyo haipiti mpaka wenyeji waipigie kura.

"Tozo tena!" alisema Harlan Dubs, rafiki yake wa tangu utoto. "Hawa watu wa shule hawashibi?"

"Na bahati nasibu ya jimbo je?" Delbert alidakia. "Si tuliambiwa ndiyo itakayosomesha watoto? Mimi napiga hapana."

Wote mezani wakapiga hapana. Tozo ikaanguka. Siku ya pili walichekeana kama watu walioshinda mechi.

Mwezi wa kwanza, theluji imejaa, bodi ya shule ikatangaza kwamba fedha hazitoshi. Basi la wanafunzi wa sekondari likafutwa.

"Sasa nani atanipeleka, Babu?" Tessa aliuliza.

"Mimi. Nani mwingine?"

"Babu, juzi taa ya barabarani ilikuwa ya kijani na ulisimama."

"Nilikuwa naitafakari."

Ukweli ni kwamba macho ya Delbert yalikuwa yameingia ukungu. Alijua, ila hakutaka kusema. Asubuhi moja, kwenye kona ya daraja, pikapu yake iliteleza ikaingia mtaroni. Hawakuumia. Delbert alibaki ameshika usukani. Alimtazama mtoto akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Jirani yao, Bi Ione Pfister, akaja na trekta. Huyu mama alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wilaya inayokadiria thamani za nyumba.

"Delbert, mtaro huu umekukosea nini mpaka uulalie?" aliuliza.

"Vuta gari, Ione. Matusi baadaye."

Pikapu ikatoka. Tessa akafikishwa shuleni kwa trekta, na wenzake wakamshangilia kama malkia. Kisha Ione alirudi kwa Delbert, akavua viatu vyenye theluji, akaketi jikoni.

"Siwezi kumpeleka tena," Delbert alisema polepole. "Nitamuua yule mtoto. Na asipokwenda shule itakuwaje? Mama yake hawezi kuacha kazi."

"Tozo inarudi kwenye kura mwezi wa tano. Ikipita, basi linarudi. Mpaka hapo, Tessa nitampeleka mimi."

"Na kodi ikipanda, nauza nyumba."

"Uliisoma karatasi ya kura?"

"Niliona neno tozo, nikatosheka."

Ione akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ewe mzee! Ile haikuwa tozo mpya. Iliandikwa wazi kwamba ni kuendeleza ya zamani. Unailipa tangu Marlene akiwa shule. Kila baada ya miaka kadhaa inarudi kwetu tuseme iendelee au ife. Ukisema ndiyo, shule inaendelea kupata kiasi kile kile. Ukisema hapana, inapoteza ilichokuwa nacho."

"Lakini wilaya wamesema nyumba yangu imepanda thamani."

"Kwa tozo ya aina hii, thamani za nyumba zote zikipanda, kiwango chake hushuka, ili jumla inayokusanywa ibaki pale pale. Kodi nyingine zinaweza kuongezeka kidogo, sikudanganyi. Lakini hii siyo mwizi wako."

"Na bahati nasibu?"

"Inatoa, tena kweli. Lakini ni chumvi tu kwenye sufuria. Chumvi peke yake haimshibishi mtu." Ione akamtazama. "Punguzo la kodi kwa wazee umeliomba?"

"Hilo la maskini."

"La wazee wenye kipato kidogo, waliolipa kodi maisha yao yote. Kiburi hakipashi nyumba moto, Delbert. Nenda ofisi ya wilaya na kitambulisho chako na uthibitisho wa pensheni. Watakusaidia kujaza."

Delbert hakulala vizuri. Kulipokucha, Marlene, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, alimpeleka ofisini. Alijaza fomu, na baadaye akajibiwa kwamba punguzo amelipata. Alikaa kitandani akashusha pumzi. Nyumba haiuzwi tena.

Kisha akaenda mkahawani. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Mimi safari hii napiga ndiyo," alisema.

"Umelogwa na trekta ya Ione!" Harlan akapiga meza. Wazee wakaangua kicheko.

"Chekeni. Harlan, nani alikufundisha kusoma?"

"Bi Oyler. Mkali kama nyigu."

"Mshahara wake uliulipa wewe?"

"Nilikuwa na miaka sita, mpumbavu wewe."

"Basi walilipa wazee waliokaa meza hii kabla yetu. Wengine hawakuwa na mtoto hata mmoja. Walitulipia, na sisi hatukuwahi kuwaambia asante. Sasa wamelala makaburini. Nitamshukuru nani, kama si kwa kumlipia mwingine?"

Kisha Delbert akawaeleza aliyoelezwa na Ione, neno kwa neno. Wakabisha, wakauliza, wakabisha tena.

"Nitafikiri," Harlan alisema mwishoni. "Lakini kahawa unalipa wewe."

Mwezi wa tano walipiga kura katika ukumbi wa chini ya kanisa, kama kawaida. Tozo ilipita kwa kura chache mno. Ione alipoleta habari, Delbert alimshika mikono yote miwili. Alitaka kusema mengi, likatoka neno moja tu: "Asante."

Likizo ilipokwisha, basi la njano lilisimama tena barabarani. Tessa akapanda. Delbert alimpungia mkono dereva mpaka dereva akaona haya. Halafu Marlene, aliyekuwa na mapumziko, akampeleka mkahawani.

"Sema kweli, Harlan," Delbert alimwuliza. "Ulipiga nini?"

"Kura ni siri."

"Kwangu pia?"

Harlan aligeuza kiti. Basi lilikuwa linapita nje ya dirisha, limejaa watoto wanaopiga kelele. Harlan hakuwa na mjukuu hata mmoja ndani yake. Aliinua kikombe chake kulielekea.

"Kura ni siri," alirudia. "Ila tazameni basi langu linavyopita."