Chiriku na Daktari wa Sindano

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, akala alichowekewa mezani, kisha akavuka ua kwenda saluni kwa mama yake. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na benchi la wateja wanaosubiri zamu. Kazi ya Chiriku ilikuwa kufagia na kuchambua nywele za bandia, fungu moja moja, ili mama akinyoosha mkono apate anachotaka bila kugeuka. Mama yake alikuwa msusi hodari. Vidole vyake vilikimbia kichwani mwa mteja huku mdomo ukiendelea na hadithi, na mistari haikupinda hata kidogo.

Jina la Chiriku alipewa na wateja hao hao, kwa kuwa alishinda akiongea na kuimba kutwa nzima. Alikuwa darasa la sita, na sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Mwaka huo mwalimu wa kwaya alimchagua aanzishe wimbo wa shule yao kwenye mashindano. Angeanza peke yake, kisha wenzake wote wamfuate. Tangu siku aliyochaguliwa alitembea kama mtu aliyebeba yai mkononi.

Lakini hakuwa na raha. Kichwa kilimgonga kuanzia kisogoni hadi juu ya jicho, na shingo ilikakamaa upande mmoja kiasi kwamba hata kuvaa shati asubuhi ilikuwa shughuli. Mama alimpeleka hospitali. Walimpima damu, wakampima na macho, wasione tatizo. Wakampa vidonge vya kutuliza maumivu. Alipovimeza alipata nafuu, na vilipokwisha nguvu maumivu yakarudi pale pale.

Siku moja mke wa fundi saa, aliyekuwa mteja wa miaka mingi, alimwona Chiriku akijikanda shingo. Akamwambia mama kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuteswa na shingo, akatibiwa na daktari wa tiba ya Kichina aliyekuwa na chumba chake juu ya duka la vioo. Daktari huyo alikuwa mwenyeji wa mji huo, mwanamke aliyekwenda China kusomea tiba hiyo akarudi, na watu walizoea kumwita Daktari wa Sindano.

Kusikia neno sindano, Chiriku aliangusha fungu la nywele. Wateja wakacheka. Mke wa fundi saa akamtoa hofu, akasema sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele. Mume wake, mwanamume mwenye kifua kama kabati, alilala akiwa nazo mgongoni, akakoroma mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakalalamika.

Jumamosi wakapanda ngazi za duka la vioo. Chumba cha daktari kilinukia majani makavu. Ukuta mmoja mzima ulikuwa wa visanduku vidogo vya mbao vilivyojaa mizizi, magome ya miti na maua yaliyokaushwa. Daktari hakuanza na sindano. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Chiriku, kisha wa pili, akatulia kama mtu anayesikiliza mlangoni. Halafu akamwomba atoe ulimi. Chiriku aliwahi kuadhibiwa kwa kumtolea mtu mzima ulimi, kwa hiyo kwanza alimtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa kukubali, huku akizuia kicheko.

Kisha yakafuata maswali. Analalaje? Anakunywa maji ya kutosha? Mkoba wa shule anaubeba bega lipi? Chiriku alijibu yote kwa kirefu, kama ilivyokuwa kawaida yake, mpaka daktari akauliza, "Na masikio je? Unasikia sawasawa pande zote mbili?"

Ukweli ni kwamba Chiriku hakuwa akisikia sawasawa. Tangu alipougua mafua makali, sikio lake la kushoto lilikuwa kama limezibwa na kitambaa. Na kwenye kwaya alisimama mwisho kabisa wa safu, wenzake wote wakiwa kushotoni kwake. Ili awasikie, ilimbidi ageuze kichwa na kutega sikio la kulia, wimbo baada ya wimbo, zoezi baada ya zoezi. Darasani ilikuwa hivyo hivyo. Hakumwambia mtu, kwa sababu alikumbuka maneno ya mwalimu wa kwaya kwamba anayeanzisha wimbo huimba kwa masikio kabla ya kuimba kwa mdomo. Aliona akisema tu, nafasi yake itapewa mwingine.

"Nasikia vizuri," akajibu, haraka mno.

Daktari alimtazama kidogo, akangoja, kisha akaendelea. Alifungua sindano mpya kutoka kwenye karatasi zake, akampangusa ngozi kwa dawa, akamwambia avute pumzi. Moja aliichoma kati ya kidole gumba na cha shahada, nyingine chini ya kisogo na begani. Chiriku alihisi kitu kama kudonolewa na kifaranga, halafu uzito fulani ukamtambaa begani, halafu usingizi. Alipoinuka, shingo iligeuka huku na huku bila kuuma. Alishuka ngazi akiimba.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya mazoezi ya kwaya ya wiki iliyofuata, maumivu yalikuwa yamerudi. Wakapanda ngazi tena. Daktari alimpapasa shingo, akakunja uso. Alimweleza mama kwamba misuli ya upande mmoja ilikuwa imelegea vizuri mara ya kwanza, lakini kuna jambo linaikaza upya, na jambo lenyewe bado hajalijua. Akauliza kuhusu mto wa kulalia, akauliza kuhusu kiti cha darasani. Chiriku alijibu huku akitazama visanduku vya ukutani. Mto ukabadilishwa, mkoba ukapunguzwa vitabu, sindano zikachomwa tena. Mambo yakawa yale yale.

Mama akakata tamaa, na mama akikata tamaa, saluni nzima ilijua. Alasiri moja mteja mwenye baba anayesumbuliwa na kichwa aliuliza kama ampeleke mzee kwa Daktari wa Sindano. Mama, kitana mdomoni, akasema asijisumbue.

"Yule anachoma watu kama fundi cherehani anavyochoma mto wa pini," alisema. "Mtoto wangu nimempeleka, nimerudi na shingo ile ile."

Wateja wakaangua kicheko. Mke wa fundi saa hakucheka. Aliangalia viatu vyake, kwa maana yeye ndiye aliyempendekeza daktari. Yule mteja akasema basi, ameghairi, mzee atabaki nyumbani.

Chiriku alisimama na ufagio wake, uso ukimwaka. Daktari hakuwa amekosa. Alimuuliza swali lenyewe hasa, naye akamdanganya, na sasa jina la mtu lilikuwa likichafuliwa mbele yake huku watu wakicheka. Na kulikuwa na mzee asiyemjua, ambaye angeendelea kuumwa kichwa kwa sababu yake. Akifikiria kusema, aliona mwenzake akisimama mbele ya safu na kuanzisha wimbo. Akifikiria kunyamaza, aliona uso wa daktari ukimngoja. Siku hiyo hakuimba, na wateja wakamuuliza mama kama mtoto anaumwa.

Mteja wa mwisho alipoondoka, mama alianza kuosha vitana kwenye beseni. Chiriku akamsogelea.

"Mama, daktari hana kosa," akasema. "Mimi nilimdanganya."

Akamweleza yote, la sikio, la kwaya na la kugeuza kichwa. Mama alisimama na kitana kikichuruzika maji. Hakugomba. Alizunguka upande wa kushoto wa binti yake, akanong'ona jambo, akangoja. Chiriku hakusikia chochote. Hapo mama akaketi kwenye kiti cha wateja, akakumbuka mara ngapi alimwita mtoto huyu asiitike, na mara ngapi alimkaripia kwamba ametia pamba masikioni.

"Pole, mwanangu," akasema mwishowe. "Lakini mbona hukuniambia hata mimi?"

Chiriku akajibu kwamba aliogopa mama angemwambia mwalimu. Mama akasema kweli angemwambia. Kisha akaongeza kwamba sasa atakayemwambia mwalimu ni Chiriku mwenyewe, kesho asubuhi.

Asubuhi, kwaya ilipojipanga kwa mazoezi, Chiriku alimwendea mwalimu akasema yote. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akamwuliza ni sikio lipi. La kushoto, akasema. Basi mwalimu akamshika bega, akampeleka mwisho mwingine wa safu, wenzake wote wakawa kuliani kwake, akamwambia aanzishe wimbo. Chiriku akaanza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliwasikia wenzake wakiingia bila yeye kugeuka.

"Ungeniambia siku ile ile," mwalimu akasema, "ningekuhamisha siku ile ile."

Alasiri wakaenda kwa daktari, Chiriku akamweleza ukweli. Naye hakukasirika. Alimulika sikio kwa kitochi kidogo, akacheka kwa upole, akasema hilo si kazi ya sindano wala ya majani, ni kazi ya watu wa masikio pale hospitali. Huko walikuta nta imejaa na kukauka ndani kama gundi. Wakampa dawa ya kudondoshea ili ilainike, na aliporudi wakamwoshea sikio kwa maji ya vuguvugu. Kikatoka kipande cheusi, kikubwa kama punje ya haragwe. Chiriku akaruka. Alisikia saa ya ukutani, kandambili za muuguzi, na hata mama yake akipumua.

"Mama, mbona watu wanapiga kelele hivi?" aliuliza, na muuguzi akacheka mpaka akaweka beseni chini.

Sindano zilizofuata zikafanya kazi yake. Misuli ililegea, na safari hii haikuwa na sababu ya kukaza tena. Kichwa kikapona. Kwenye mashindano kwaya yao ilishika nafasi ya pili, na majaji wakasema wimbo ule ulianza vizuri kuliko zote.

Mama naye alikuwa na deni lake. Alimfuata yule mteja hadi nyumbani, akamwambia kwamba alisema asiyoyajua, na mzee akapelekwa kwa daktari. Mbele ya benchi zima la saluni alimwomba radhi mke wa fundi saa. Na siku ya mwisho ya matibabu alimkabili daktari mwenyewe, akamweleza alivyomtangaza, pamoja na ile ya mto wa pini. Daktari akasema hiyo ya mto wa pini ataitumia, ni nzuri.

Kisha akamgeukia Chiriku, akaketi ili macho yao yawe sawa.

"Vidole vyangu vinaweza kuniambia kwamba shingo imekaza," alisema. "Haviwezi kuniambia kwa nini. Hilo unalo wewe. Mgonjwa akinificha jambo, ni kama amenifunga kitambaa machoni halafu akanipa sindano. Si mimi tu. Daktari yeyote, na mzazi pia. Aibu ya kusema huisha siku hiyo hiyo, lakini maumivu uliyoyaficha unabaki nayo."

"Umesikia?" mama akauliza. "Kuanzia leo, ukiumwa hata ukucha, useme."

"Hata ukucha?"

"Hata ukucha."

Chiriku, ambaye hakuwahi kuhitaji kubembelezwa ili aongee, alifikiri kidogo. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo, basi viatu vya shule vinambana tangu muhula uanze. Daktari alicheka. Mama akainama pale pale, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, na kweli hakukuwa na nafasi.